Fungua Mdomo, Mama

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Upawa alisimama nyuma ya masufuria makubwa ya shule ya bweni, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wanafunzi, kwa sababu upawa haukumtoka mkononi. Alipakulia nao, aliwanyooshea watu nao badala ya kidole, na hata katika picha ya kumuaga mwalimu mkuu anaonekana ameushika, amesimama wima kama askari wa gwaride.

Siku yake ya kustaafu ilipofika, mwanawe wa pekee, mpima ardhi, alikuja na gari akamwambia, "Mama, sasa basi. Twende ukakae na sisi." Akafunga virago vyake. Walipofika, mkwewe, mfamasia mwenye maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno yake, alimtazama mdomoni siku ya kwanza tu na siku ya pili akampeleka kwa daktari wa meno. Meno ya juu yalikuwa yamebaki matatu, na kila moja lilikuwa na mpango wake. Yakang'olewa. Vidonda vilipopona akawekewa safu nzima ya bandia, meupe kama vikombe vya harusi.

"Yanabana," Mama Upawa alilalamika mbele ya kioo.

"Yatazoea, mama."

"Nani atazoea, mimi au yenyewe?"

"Mtazoeana."

Jumapili iliyofuata aliona kwamba sasa ana uso wa kutokea mbele za watu. Mwanawe alikuwa kazini, maana barabara mpya ilikuwa ikipimwa hata siku za mapumziko. Mkwewe alikuwa Mlutheri, na ibada yake ilianza saa ile ile upande wa pili wa mji. "Kanisa lako liko karibu tu, mama," alimwelekeza huku akimfunga kitufe cha mgongoni. "Unapita duka la saruji, unapita kituo cha mafuta, halafu unauona msalaba. Ukipotea, nipigie."

"Mtu hupotea akienda kanisani?"

"Wengine hupotelea humo humo," mkwe akamjibu, wakacheka.

Kanisa lilikuwa kubwa kuliko alivyozoea, na sakafu yake ya vigae iling'aa kiasi cha kumfanya apunguze hatua. Mlangoni alisimama mama mmoja mrefu, mwembamba, mwenye mshipi wa kijani uliovuka kifua kutoka begani hadi kiunoni. Alikuwa wa umri wake au pungufu kidogo. Hakusema karibu. Alimtazama toka kilemba hadi viatu, kama mtu anayekagua mzigo.

Mama Upawa akakaa benchi la nne.

"Hapo ni pa kwaya," mwenye mshipi akasema nyuma yake.

Akahamia la sita.

"Hapo ni pa chama cha akina mama."

Akahamia upande wa pili.

"Hapo pana mtu."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Huyo mtu hakuja mpaka Misa inakwisha. Mama Upawa alikwenda kukaa benchi la mwisho, nyuma ya nguzo, mahali ambapo ukimtazama padri unamwona nusu. Kule alikotoka, benchi lake lilikuwa na alama ya magoti yake. Padri akikohoa, alijua ni kikohozi cha vumbi au cha mafua. Hapa hata nyimbo alizozijua ziliimbwa kwa kasi nyingine, naye kila mara alijikuta yuko neno moja nyuma, anaimba peke yake kama jogoo aliyekosea saa.

Hata hivyo, wakati wa Komunyo ulipofika, moyo wake ulitulia. Hapo hakuna mgeni, alijiambia. Hapo ni nyumbani popote. Akajipanga mstarini, mikono ameikunja kifuani. Nyuma yake alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akipumua kwa sauti kama mvukuto.

"Mwili wa Kristo."

"Amina."

Aliipokea hostia kiganjani, akaiweka mdomoni, akageuka kurudi. Na hapo ndipo kisa kilipoanzia. Zamani hostia ilikuwa ikiyeyuka polepole juu ya ulimi. Safari hii ilirukia juu ikang'ang'ania kwenye yale meno mapya, kwenye kaakaa lake la plastiki, kama stempu kwenye bahasha. Alijaribu kuibandua kwa ulimi. Hostia haikusogea, ila meno yakaanza kusogea. Akaona msiba mkubwa unakuja: meno ya bandia kuanguka kwenye vigae vinavyong'aa, mbele ya Altare, katika parokia ambayo hakuna anayemjua. Akainua mkono haraka, akatia kidole mdomoni kuyazuia.

Mshipi wa kijani ukamkatiza njia.

"Umeila?"

Mama Upawa alitikisa kichwa kukubali. Kuongea hakuweza.

"Nakuuliza, umeila? Mbona mkono uko mdomoni?"

"Mmh."

"Fungua mdomo."

Mstari ulikuwa umesimama. Watu wa mabenchi ya karibu waliacha kusali wakageuza shingo. Mama Upawa, aliyekuwa ameamrisha watoto mia sita kila siku na wakamtii, hakujua mtu humjibuje anayemwambia afungue mdomo kanisani. Akafungua. Meno ya juu yakadondoka juu ya ulimi, kwa mlio mdogo lakini wa wazi, kra.

Mwenye mshipi akaruka nyuma hatua moja. Mtoto fulani akaangua kicheko, akazibwa mdomo na mama yake. Mama Upawa aliyarudisha meno mahali pake kwa kiganja, akameza, na mwili wote ukamwaka moto kuanzia shingoni.

"Umebatizwa kweli wewe?" mwenye mshipi akauliza, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta pa kutokea.

Mama Upawa alitembea mpaka nyuma ya nguzo yake, akachukua mkoba, akatoka kabla ya baraka ya mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipopata akili. Jibu lilimjia alipofika kituo cha mafuta: "Nimebatizwa mapema kuliko ulivyojifunza adabu." Lilikuwa jibu zuri sana. Lakini majibu mazuri ni kama mafundi bomba, huja nyumba ikiwa imeshafurika.

*

Mkwewe aliposikia, alivua viatu vya kanisani akavaa vya kazini.

"Unakwenda wapi?" mumewe akamuuliza.

"Kufunguliwa mdomo na mimi. Nataka niulizwe kama nimebatizwa. Ninayo maneno saba kwa ajili yake, na la kwanza ndilo lenye adabu kuliko yote."

"Kaa chini," Mama Upawa alisema.

Mwanawe alikuwa amekaza midomo. Alijitahidi, masikini, lakini alipofikiria ule mlio wa meno, mabega yakaanza kumtetemeka. "Samahani, mama. Ni mabaya aliyokufanyia. Ni mabaya kabisa. Lakini kra?"

"Kra," Mama Upawa akakiri, na hapo wote watatu wakacheka mpaka machozi. Ila yake yalichelewa kukauka, na mkwe aliliona hilo.

Kilichomuuma hakikuwa kicheko cha yule mtoto. Kucheka kwa watoto alikuzoea. Kilichomuuma ni swali. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akipanga mstari ule, akiwa na furaha na akiwa na msiba, akiwa mjamzito, akiwa mjane, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana haki ya kusimama hapo. Sasa kila alipofumba macho asali, aliuona mshipi wa kijani.

"Sirudi," alisema. "Mungu yuko hata kwenye redio."

Jumapili ya pili akasali na redio. Redio ya mwanawe ilikuwa na tabia ya kuhama masafa yenyewe, na katikati ya mahubiri mtangazaji wa mpira aliingia akipiga kelele za penalti. Mama Upawa akaipiga kofi. Ikarudi kwenye sala ya Baba Yetu, ikakaa kidogo, ikaenda kwenye tangazo la dawa ya mende. Akaizima, akakaa mikono mapajani. Nyumba nzima ilikuwa kimya, na saa ya ukutani ilikuwa ikigonga taratibu kama mtu anayesubiri aambiwe ukweli.

Jumatano alitoka kwenda kupunguziwa gauni, kwa kuwa bila meno alikuwa ameshinda kwa uji wiki nyingi na mwili ulikuwa umepungua. Fundi cherehani wa karibu alikuwa na kibanda baada ya duka la saruji. Alikuwa mzee mnene, mwenye mita shingoni na miwani kwenye paji la uso. Alipouona uso wa mteja wake, akasimama, kiti kikaanguka.

"Wewe ndiye mama wa meno!"

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza saruji. Mama Upawa akatazama pembeni. Vijana watatu waliokuwa wakipakia mifuko wakamtazama mdomoni.

"Polepole, baba. Hata majirani zangu bado hawajajua."

"Nini?"

"Nimesema polepole!"

"Ah. Nisamehe. Sikio hili limekufa, na hili jingine linaumwa. Ndiyo maana wananiita Baragumu." Akaokota kiti, akamkaribisha. "Nilikuwa nyuma yako siku ile. Mungu wangu, nilikasirika! Yule tunamwita Mama Mstari. Hajaanza na wewe. Amemfungua mdomo bibi harusi, shela likiwa kichwani. Dada yake askofu alipita hapa safarini, naye akaulizwa kama amebatizwa. Mimi mwenyewe amenisimamisha mara mbili, mimi niliyeshona hilo joho la padri!"

"Na mnamnyamazia?"

"Tunamwogopa," Mzee Baragumu alisema bila haya. Kisha akainama, akanong'ona mnong'ono uliowageuza tena wale vijana wa saruji: "Jumapili njoo ukae na mimi. Benchi la tano, upande wa kulia. Akikwambia pana mtu, mwambie mtu ni wewe."

Mama Upawa alirudi nyumbani gauni likiwa na pini kiunoni. Njia nzima alijiuliza kwa nini moyo umekuwa mwepesi, na hatimaye akatambua: katika mji huu, mtu wa kwanza asiye wa ukoo alikuwa amemwambia njoo.

*

Jumapili ya tatu alipiga moyo konde, akaenda. Mlangoni Mama Mstari alimwona, akamkumbuka, akatazama chini kurekebisha pini ya mshipi. Mama Upawa akapita, akakaa benchi la tano, na Mzee Baragumu akamsogezea kitabu cha nyimbo.

"Leo utaona," akanong'ona, na mabenchi matatu mbele watu wakageuka.

"Nitaona nini?"

"Nini?"

Akaacha.

Misa ilikwenda vizuri. Nyimbo alianza kuzikamata kasi yake. Meno nayo yalikuwa yametulia, kwa kuwa mkwe alikuwa amempa dawa ya kuyashikiza na kumfanyisha mazoezi ya kumeza kipande cha biskuti kavu mara kumi mbele ya kioo. Komunyo ilipofika akainuka na benchi lake. Mzee Baragumu alikuwa amewapanga watu wake kwa ishara: yeye mbele, wazee wenzake wanne, akina mama kadhaa wa kwaya, na Mama Upawa mwisho. Aliona wanakonyezana, lakini hakuelewa.

Akaelewa muda si mrefu.

Mzee Baragumu alikomunika, akatembea moja kwa moja mpaka alipokuwa Mama Mstari, akasimama mbele yake, akaachama mdomo mpaka koromeo likaonekana.

"Aaaa."

Kisha akapita. Wa pili akafika. "Aaaa." Wa tatu, mzee mwenye bakora, akauinua uso juu kama kifaranga kinachosubiri mdudu. Mabenchi yakaanza kutikisika. Wa nne, wa tano. Akina mama wa kwaya walifanya kwa sauti tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, maana mwanakwaya ni mwanakwaya tu. Watu waliziba nyuso kwa vitabu. Padri, aliyekuwa ameshughulika na mstari wa pili, aliinua macho akatafuta kinachoendelea.

Mama Upawa alikomunika, hostia ikayeyuka kama inavyotakiwa, akageuka naye akiwa na kicheko tayari kifuani. Alikuwa ameshaanza kuuona utamu wa siku ile. Halafu akamwona Mama Mstari usoni.

Alikuwa bado amesimama mahali pake. Alikuwa akitabasamu, lakini lilikuwa lile tabasamu la mtu anayesubiri kupigwa picha na mpiga picha hapigi. Mikono yake ilikuwa imeshika mshipi, vidole vinaukunja na kuukunjua. Shingo ilikuwa imelowa jasho la aibu. Na Mama Upawa aliijua shingo ile, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe wiki mbili zilizopita.

Kuna jambo jingine alilijua, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka wake wa kumi na tano jikoni, msichana mmoja mwembamba alirudi mstarini na sahani ya pili. Siku hiyo chakula kilikuwa kidogo na matroni alikuwa ameshamgombeza kwamba hakitoshi. Mama Upawa alimzuia msichana kwa upawa kifuani. "Wewe umeshapita," alimwambia, na bwalo zima likacheka. Msichana aliiweka sahani mezani akaondoka. Jioni ndipo ilipojulikana kwamba sahani ile ilikuwa ya rafiki yake aliyelala na homa. Siku nne msichana yule hakuonekana mstarini. Siku ya tano Mama Upawa alibeba chakula mwenyewe mpaka bwenini, akakiweka kitandani, na asijue la kusema zaidi ya "Kula." Naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa akilinda chakula.

Sasa kanisa zima lilikuwa likimtazama yeye. Mwenye meno ndiye huyo anakuja, na kila mtu alitaka kuona. Nyuma yake, waliokuwa hawamo katika mpango walikuwa wameshaupenda, na vinywa vilikuwa vikifunguka vyenyewe.

Mama Upawa alifika mbele ya Mama Mstari. Akaufunga mdomo wake kabisa. Akasimama kando yake, bega kwa bega, akawageukia waliokuwa wakija.

"Mstari usonge," alisema.

Hakupiga kelele. Alitumia ile sauti ya bwaloni, ya chini, isiyo na haraka, inayofika mpaka meza ya mwisho. Vinywa vikafungwa. Mzee mmoja aliyekuwa katikati ya "aaa" aligeuza ikawa "Amina." Mstari ukasonga, ukarudi kwenye mabenchi yake, na wale wawili wakasimama pamoja mpaka mtu wa mwisho akapita.

*

Misa ilipokwisha, Mama Mstari hakuonekana mlangoni. Mama Upawa alimkuta nyuma ya kanisa, kwenye bomba, akiosha vyombo vya maua ambavyo vilikuwa safi tangu jana.

"Umekuja kunicheka?"

"Ningetaka kucheka ningebaki kule mbele, ndiko kicheko kiliko." Mama Upawa akachukua chombo kimoja, akakipangusa kwa kitambaa chake. "Nimekuja kukuuliza. Nilikukosea nini siku ile?"

Mama Mstari akafunga maji. Maneno yakamtoka kama yalikuwa yamerundikana mlangoni.

"Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nikifagia. Nikaikuta hostia chini ya benchi. Imebandikwa na ubani wa kutafuna, dada yangu, na ubani! Nikampelekea paroko. Yule mtu alilia. Alipiga magoti palepale kwenye vumbi akalia kama mtoto. Hakunilaumu, lakini zamu ilikuwa yangu. Nikajiambia, haitatokea tena mbele ya macho yangu."

"Akakwambia uwafungue watu midomo?"

"Hapana." Akautazama ukuta. "Hiyo niliongeza mwenyewe."

Mama Upawa alijitahidi, lakini kicheko kilimponyoka puani. Mama Mstari akamtazama kwa hasira, kisha hasira ikakosa pa kukaa, naye akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, ikawa hujui anacheka au analia, na mwenyewe pia hakujua.

"Bibi harusi!" Mama Upawa akasema.

"Usinikumbushe. Alikuwa na pipi."

"Na dada yake askofu?"

"Sikujua! Alivaa kawaida tu!" Akajifuta macho kwa mshipi. Halafu akasimama sawasawa, mikono pembeni. "Nisamehe, dada. Nilikuona umetia kidole mdomoni nikadhani ndio wale wale. Na hata ningekuwa nimeona sawa, sikupaswa kukuuliza vile, mbele za watu. Mtu mzima mwenzangu. Na mgeni. Nilipolala siku ile nililisikia lile swali langu usiku kucha."

"Nimekusamehe. Ila nami nilikusudia kukufungulia mdomo leo, uelewe hivyo. Nilibakisha hatua mbili."

"Kwa nini ukaacha?"

Mama Upawa akamweleza habari za msichana na sahani ya pili. Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka. Mama Mstari alisikiliza mpaka mwisho, hakutoa pole wala funzo, ila alimpokonya kile chombo cha maua alichokuwa amekipangusa mpaka kinalia, akakiweka chini.

"Hayo meno," akasema, "nani amekutengenezea? Mume wangu ana ya chini, yanatoka akipiga chafya. Jana yametua kwenye chai ya mgeni."

Walikuwa bado wanashikana mikono kwa kicheko padri alipotokea pembe ya ukuta, Mzee Baragumu akiwa nyuma yake, kichwa chini, kofia mkononi. Padri alikuwa kijana kuliko wote watatu, na ilionekana alikuwa ametoka kumkemea mtu mwenye umri wa baba yake na bado hajapoa.

"Mzee ana neno," alisema.

Mzee Baragumu akamsogelea Mama Mstari akanong'ona, kwa nia ya kuficha aibu yake. "Mama, nimekosa. Komunyo si mahali pa mzaha. Padri amenipa rozari tatu, na ni haki yangu." Upande wa pili wa ukuta, watu waliokuwa wakiagana waliitikia kwa pamoja: "Amina!"

"Na mimi nina neno," Mama Mstari alisema, akamgeukia padri. "Baba, nivue mshipi huu."

"Sikuvui," padri akajibu. "Nani atafika kabla ya kengele? Ila pale kwenye Komunyo nitasimama mimi na macho yangu. Wewe kaa mlangoni uwakaribishe watu."

"Kukaribisha sijui."

Ilisemwa kwa unyofu mkubwa hata padri akamtazama Mama Upawa.

"Usinitazame mimi, baba," Mama Upawa akasema. "Mimi ni mgeni, sina hata benchi." Lakini alikuwa ameshaanza kuupima mlango ule kichwani, watu wangapi huingia kwa pamoja, na wapi pawekwe mabenchi ya wageni ili wasikae nyuma ya nguzo.

*

Nyumbani mkwe alikuwa amekwisha rudi kutoka ibadani. Alikuwa kwenye kidirisha cha jikoni alipowaona wakija barabarani, wanawake wawili wameshikana mikono, mmoja mfupi akieleza jambo kwa mkono wa pili, mmoja mrefu, mshipi wa kijani umekunjwa chini ya kwapa.

Mama Upawa aliingia jikoni kwanza, mgeni akabaki sebuleni akisalimiana na mwenye nyumba.

"Ni yeye?" mkwe akanong'ona.

"Ndiye."

"Yule yule? Wa fungua mdomo?"

"Yule yule."

Mkwe alitupa kitambaa cha vyombo mezani. "Mama, nimekaa na maneno saba wiki mbili nzima. Nimeyapanga. Nimeyafanyia mazoezi dukani, wateja wakadhani naumwa."

"Mwambie."

"Kweli?"

"Mwambie, hata yeye anasema anastahili. Lakini mwambie akishakula. Mtu hapokei maneno saba na njaa."

Mkwe alichungulia sebuleni. Mama Mstari alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, mikono juu ya mkoba, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Mpima ardhi alimuuliza kama asingependa kuhamia kiti laini zaidi, naye akajibu kwamba hapo hapo panamtosha, asisumbuke, labda hapo pengine pana mtu.

"Pana mtu," mkwe akasema kwa sauti kutoka jikoni, akitoka na mto mikononi. "Ni wewe, mama. Hamia hapa. Karibu."

Akarudi kuongeza sahani ya nne. Maneno saba hayakusemwa siku ile, wala Jumapili iliyofuata, na baada ya mwezi mmoja hata mwenyewe alikuwa anayakumbuka matano tu.